Muulize Fundi: Boxer ya mkononi, keni mbili za maziwa na vilima vya Njombe

SWALI: Kamwene fundi, na shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 26, nakusanya maziwa kwa wafugaji wa upande wa Uwemba na kuyapeleka Njombe mjini. Hadi sasa nakodi pikipiki ya jirani na faida yote inaishia kwake. Nimeweka akiba ya Sh 2,000,000. Binamu yangu aliyeko Mbagala amenipatia Boxer BM150 iliyokuwa bodaboda, bei Sh 1,600,000, na muuzaji anasema injini haijawahi kufunguliwa. Nikiipata nataka nirefushe nyuma ili keria iwe kubwa, niongeze shokapu mbili ziwe nne, nibadili sproketi (zile gia za meno zinazovuta cheni) ipande milima, nifunge matairi makubwa, nitoboe eksozi ipate nguvu, na nifunge taa kali kwa kuwa natoka alfajiri na ukungu wa huku unaujua. Nabeba keni mbili za alumini za lita 40. Nianze na lipi? (Msomaji, Njombe)

JIBU: Kamwene, na marahaba mwanangu. Kilichonipa moyo katika barua yako ni zile Sh 400,000 unazobakiza. Wengi wanaoniletea pikipiki za mkononi hapa gereji Ipogolo, Iringa, wamemaliza hela yote kwa muuzaji, na pikipiki inalala kwangu wiki nzima ikisubiri shuu za breki. Hizo laki nne usiziguse wakati wa kupatana bei, hata muuzaji akijua unazo.

Anza na kadi. Pikipiki nyingi za bodaboda Dar es Salaam ni za mkataba: tajiri ananunua, dereva anapeleka hesabu kwa muda waliokubaliana, akimaliza inakuwa yake. Za mkopo nazo ni hivyohivyo, kadi hukaa kwa mkopeshaji mpaka deni liishe. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa ameipanda mwaka mzima, kila mtu kijiweni anamjua nayo, na bado hana haki ya kuiuza. Binamu yako ashike kadi halisi, siyo kopi, alinganishe jina lililoandikwa na kitambulisho cha anayepokea hela. Jina likiwa la mtu mwingine, mtu huyo aje mwenyewe asaini. Namba ya chesisi imegongwa shingoni, pale usukani unapozungukia, na ya injini ipo ubavuni kwenye injini yenyewe. Azifute matope kwa kitambaa chenye petroli azisome tarakimu moja moja mbele ya kadi. Akikuta namba iliyokwaruzwa, au tarakimu zilizogongwa upya zisizo na mstari, aondoke hata bei ishuke nusu. Namba ya usajili aiingize kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni ya faini za barabarani. Kisha mkataba wa mauziano, na uhamisho wa umiliki TRA ufanyike muuzaji akiwa bado yupo. Wewe uko Njombe na yeye Mbagala. Akibadili namba ya simu tu, kadi itabaki na jina lake miaka mingi.

Hilo la injini kutofunguliwa, aulizwe bolti na si mwenye pikipiki. Vichwa vya bolti vilivyolika pembe, au silikoni iliyojitokeza kwenye maungio ya injini, vinaonyesha imefunguliwa. Wala kufunguliwa si ugonjwa. Bodaboda iliyobadilishwa pistoni na ringi na fundi mwenye mkono mzuri naiamini kuliko ile isiyoguswa inayokunywa oili. Binamu afike asubuhi, na jambo la kwanza aguse injini kwa kiganja. Kama ina joto, imewashwa kabla hajafika, na pikipiki inayosumbua kuwaka ndiyo huwashwa mapema. Asubiri ipoe, ndiyo iwashwe mbele yake. Moshi wa bluu unaotoka mwanzoni kisha ukakatika ni sili za valvu. Moshi wa bluu unaozidi kila mafuta yakivutwa ni ringi na silinda, na hapo bei ishuke kwa gharama yote ya kufungua injini. Mlio mwepesi wa juu ni tapeti, kazi ndogo. Mlio mzito wa kugonga unaotoka chini na kuzidi injini ikipewa kazi ni konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Pikipiki hiyo aiache.

Kilometa za kwenye dashibodi asizisome kabisa, kwa sababu waya wa spidi ukichomolewa namba inasimama. Asome raba za kukanyagia, pedali ya breki ya nyuma na tundu la ufunguo.

Kwa kazi yako ya keni mbili, hata hivyo, mimi ningekaa kwenye fremu muda mrefu kuliko kwenye injini. Vipuri vya injini ya Boxer unavipata hadi kwenye maduka ya vijijini, lakini fremu iliyopinda au kupasuka utaibeba kila siku. Siti ifunguliwe. Aangalie mahali shokapu za nyuma zinaposhika fremu, aangalie shingoni, na aangalie chini ya tanki. Anatafuta welding isiyo ya kiwandani, au kipande kimoja chenye rangi mpya huku kilichobaki kimechubuka. Asimame nyuma hatua kadhaa, achuchumae, aone kama tairi la nyuma na la mbele yako kwenye mstari mmoja. Kisha aiweke kwenye stendi ya kati, tairi la mbele liwe juu, na ageuze usukani taratibu: ukijishika pale katikati, beringi za usukani zimelika. Ashike shokapu za mbele kwa chini azivute na kuzisukuma, pasicheze kitu. Na kwa kuwa imeishi pwani, atazame soketi za nyaya chini ya tanki. Ule ukungu wa kijani kwenye shaba ndio utakaokuzimia taa huku Njombe wakati wa mvua.

Sasa mabadiliko. Kabla hujaongeza kitu, irudishe ilivyotoka kiwandani. Sehemu kubwa ya laki nne zako iende huko: shuu za breki mbele na nyuma, waya wa klachi na wa breki, beringi za magurudumu, cheni pamoja na sproketi zake zote mbili, plagi, filta ya hewa, oili. Huniletea vijana pikipiki wakisema haina nguvu, wanataka kabureta kubwa. Nikizungusha tairi la nyuma kwa mkono nakuta breki imeshika, au cheni imekaza hadi inalia. Iendeshe hivyo kwa wiki kadhaa na keni zako, ndipo utajua inapungukiwa nini hasa.

Kati ya yote uliyotaja, sproketi ndiyo ninayoiunga mkono kwa moyo wote. Haikati fremu, inafungwa kwa saa moja, na usipoipenda unarudisha ya zamani. Hesabu meno ya zilizopo kwanza. Tuseme ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42: 42 ukigawa kwa 14 unapata 3, yaani sproketi ya mbele inazunguka mara tatu tairi likizunguka mara moja. Ukiweka ya mbele yenye meno 13, unapata 3.23. Mvuto kwenye tairi umeongezeka kwa karibu asilimia 8, na spidi kwa mzunguko uleule wa injini imepungua kwa karibu asilimia 7. Pale ulipokuwa unakwenda 60 sasa utakwenda 56. Kupunguza jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza meno matatu nyuma, ila ya mbele ni bei ndogo na hairefushi cheni. Ubaya wake ni kwamba cheni inajikunja zaidi kwenye duara dogo na inalika haraka, kwa hiyo usishuke zaidi ya jino moja. Ukihitaji zaidi, ongeza nyuma.

Watu huwaza kupanda tu. Mimi nafikiria zaidi unaposhuka. Boxer yako ina breki za ngoma, na ngoma ikishuka mlima mrefu na mzigo inapata moto mpaka pedali inakanyagika bila kushika. Ukiwa na sproketi hiyo, gia ya pili inaizuia pikipiki vizuri zaidi, na breki unazigusa kwa vipindi badala ya kuzikanyaga njia nzima. Ingiza gia hiyo kabla mteremko haujaanza. Usizime injini kuokoa mafuta ukiwa na keni zimejaa, nakuomba sana. Naona vijana wengi wakifanya hivyo.

Kuna jambo hukuuliza na linakuhusu. Pikipiki hii inatoka Mbagala, usawa wa bahari, inakuja Njombe, karibu na mita 2,000. Hewa ya huko juu ni nyepesi kwa karibu moja ya tano. Kabureta haijui hilo. Inaendelea kumwaga petroli kama ya Dar, na injini inapata mafuta mengi kuliko hewa. Utaona plagi nyeusi ya masizi makavu, asubuhi inakohoa, na mafuta yanaisha haraka. Sehemu ya nguvu imepotea na hairudi kwa njia yoyote rahisi, hewa haipo. Lakini sehemu nyingine inarudi: mwambie fundi wako wa Njombe afunge jeti kuu (kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) iliyo ndogo kwa hatua moja, aweke sawa skrubu ya hewa, kisha muendeshe mkaangalie plagi. Rangi ya udongo mkavu ndiyo nzuri. Ikiwa nyeupe, mmepitiliza, injini itaungua, rudisheni. Ukija kuiuza kwa mtu wa Dar, mpe na ile jeti ya zamani, maana huko chini ndogo haitamfaa.

Keria na kurefusha. Lita moja ya maziwa ina kilo moja na gramu 30 hivi. Keni mbili za lita 40 ni kilo 82 za maziwa matupu, weka na alumini yenyewe unakaribia 95. Ongeza uzito wako. Pikipiki ya aina hii ilitengenezwa kwa mpanda na abiria mmoja, kwa hiyo upo kwenye ukingo tayari, na swali linabaki uzito huo unakaa wapi. Ukirefusha nyuma, keni zinakwenda nyuma ya ekseli. Hapo tairi la mbele linakuwa jepesi, usukani unaelea kwenye kila mlima, na breki ya mbele, ambayo ndiyo inayosimamisha pikipiki, inakosa uzito wa kushikia. Wale waliorefusha unaowaona mjini wanabeba magodoro na masanduku ya mikate, mzigo mkubwa usio na kilo. Maziwa ni mzigo mdogo wenye kilo nyingi.

Kwa hiyo usikate fremu. Tengeneza keria ya vikapu viwili vya chuma, kimoja kila ubavu, keni zikae chini usawa wa siti au chini zaidi, na katikati ya keni iwe mbele ya ekseli ya nyuma kadiri miguu yako inavyoruhusu. Ishikwe kwa bolti sehemu tatu kila upande: bolti za juu za shokapu, fremu chini ya siti, na mahali pa kukanyagia abiria. Bolti, si welding. Fremu hizi ni bomba jembamba; ukilichoma, linapasuka pembeni kidogo ya welding, chini ya rangi, na huoni mpaka siku keria inainama. Kama lazima kichomwe kitu, kichomwe kikiwa nje ya pikipiki. Na kama haiwezekani, betri na CDI (kile kiboksi cha umeme wa plagi) vichomolewe kabla fundi welding hajagusa. Keni zijazwe karibu na shingo au zibaki tupu. Iliyojaa nusu inachapa huku na huko kwenye kona, na inakuvuta kama mtoto anayejirusha mgongoni. Asubuhi ya maziwa machache, jaza moja na upande wa pili uweke uzito unaolingana.

Shokapu nne nimezifunga kwa wateja waliong'ang'ania, na sizipendi. Zinafanya nyuma iwe ngumu kweli, lakini nguvu ya shimo haipotei, inahamia kwenye mikono inayoshika tairi la nyuma na kwenye beringi. Pia keni tupu zikirudi, tairi linarukaruka na haligusi barabara. Shokapu za nyuma zina ringi yenye ngazi kwa chini: zungusha uipandishe hadi ngazi ya juu pande zote mbili sawa. Ikishindwa, nunua jozi moja yenye springi nene. Zikitoka oili, usizifunge hata kama bei ni nzuri.

Matairi: baki na inchi 17 na saizi ya kiwandani, 2.75 mbele na 3.00 nyuma, ila ya nyuma chagua yenye mabunda makubwa ya matope na uwezo mkubwa wa mzigo ulioandikwa ubavuni. Tairi nene linagusa cheni, linakula ule mvuto ulioupata kwenye sproketi, na kwenye udongo mwekundu wa Njombe tairi jembamba linazama hadi pagumu na kushika, nene linaelea na kuteleza. Upepo upime na mzigo ukiwa juu.

Eksozi usiitoboe. Haikupi nguvu. Inakupa sauti, na unapita alfajiri kwenye vijiji vya watu ambao ndio wanaokuuzia maziwa.

Taa, ndiyo. Chukua LED mbili ndogo za mwanga wa njano, zifunge chini, kwenye bampa, si juu ya usukani. Kwenye ukungu mwanga wa juu unarudi machoni kwako. Zipitishwe kwenye rilei (swichi ya umeme inayobeba moto wa taa), na fyuzi yake, na swichi yake. Taa kubwa za balbu za wati 55 zile za magari ziache, chaji ya pikipiki haizitoshi na betri itakufa. Za bluu, nyekundu au za kuwakawaka usifunge kabisa.

Kama itabaki hela baada ya yote hayo, nunua cheni ya pili na uiweke nyumbani.

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni muuguzi wa zahanati huku Kondoa. Kuna Yamaha AG100 ya zamani itauzwa kwenye mnada wa mali za serikali. Haijatembea muda mrefu. Mimi ni mfupi, na kuna fundi amesema atakata springi za shokapu ili nifikishe miguu chini. Niichukue? (Msomaji, Kondoa)

JIBU: Salama dada, na pole na kazi. AG100 ilitengenezwa kwa ajili ya mashambani: cheni imefunikwa yote, ina keria mbele na nyuma, na stendi pande zote mbili. Kwa barabara zako za vumbi ni chaguo zuri. Ila ni injini ya toksi mbili (two-stroke), inahitaji oili yake ya 2T inayovutwa na pampu kutoka kwenye tanki dogo la oili. Nyingi pampu hiyo imezibwa kwa sababu iliwahi kusumbua, na watu wakaanza kuchanganya oili kwenye petroli kwa kukisia. Ukifika mnadani fuata mpira wa oili kutoka tankini uone kama unafika kwenye pampu na kwenye injini. Ukikuta umekatwa, hesabu pampu mpya kwenye bei yako, au ukubali kupima mchanganyiko kwa chombo kila unapojaza. Kiki isukume kwa mkono. Ikiwa imeganda, injini imeshika kutu ndani.

Springi zisikatwe. Iliyokatwa inapiga mwisho kwenye kila shimo, na mgongo ni wako. Fungua siti, sponji ipunguzwe katikati na pembeni kule mapaja yanapopita, kisha ishonwe upya. Pembeni ndipo panapomsaidia mtu mfupi, kwa sababu miguu inashuka wima badala ya kutanuka. Shokapu za mbele nazo zinaweza kupandishwa kidogo kwenye vishikio vyake, sentimita moja au mbili, pande zote sawa. Jizoeze pia kuweka mguu mmoja tu chini unaposimama, wa kushoto, wa kulia ubaki kwenye breki.

Kuhusu karatasi: pikipiki ya serikali haiendeshwi na mtu binafsi kwa namba zake za zamani. Kabla hujapandisha bei mnadani, hakikisha unapewa hati ya mauzo itakayokuwezesha kuisajili upya TRA kwa jina lako.

SWALI: Fundi, nina pikipiki ya Kichina cc 125, injini ya aina ya CG. Silinda imelika. Dukani wananiambia nifunge silinda na pistoni ya 150 kwa kuwa ni "ileile". Kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ni kweli kwa nusu. Injini hizo zilifuata muundo wa Honda CG125, na mwendo wa pistoni, milimita 49.5, ni mmoja kwa zote mbili. Kinachotofautiana ni upana: 56.5 kwa 125 na 62 kwa 150. Ndiyo maana inaonekana kama itaingia. Lakini silinda ya 62 ina shingo pana, na kwenye injini nyingi za 125 mdomo wa chini lazima uchongwe na mtu wa mashine ili ipite. Akichonga vibaya umepoteza injini nzima. Kichwa na kabureta navyo vinabaki vidogo, kwa hiyo nguvu unayoipata ni pungufu ya unayoilipia, na joto linaongezeka. Kwa joto la Tanga nisingefanya. Nunua silinda ya 56.5 kamili na pistoni na ringi zake, au kama ukuta bado una unene ichongwe saizi inayofuata. Kilometa 500 za mwanzo iendeshe bila kuilazimisha, kisha mwaga oili yote uweke mpya.